Beji Mbili za Wageni

Mimi siwezi kumwona mtu amesimama mlangoni nikaendelea na kazi yangu. Ni ugonjwa, anasema dada Peris, na kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa huduma za wanafunzi hapa chuoni na mimi ni mlinzi wa mapokezi, sina la kumjibu. Ila kwetu Bukoba ugonjwa huo unaitwa adabu. Mgeni akifika, hata kama mna ugomvi, anapewa pa kukaa na kahawa ya kutafuna, ile buni inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikaanikwa mpaka ikauke. Akishaitia mdomoni ni mgeni wako. Maneno mengine yatafuata.

Kwa hiyo juu ya meza yangu hapa Edmonton, London, kando ya kompyuta ya kutolea beji, kuna mkebe wa kahawa hiyo, ambayo dada yangu hunitumia kila apatapo msafiri. Mkebe una miaka kumi na moja mezani, sawa na mimi. Wakaguzi wameitafuna, fundi wa lifti ameitafuna, na mkuu wa chuo mmoja aliyepita aliimeza nzima akidhani ni dawa ya kikohozi. Simlazimishi mtu. Nasogeza mkebe, nasema karibu, basi.

Wa kwanza kunikatalia kwa sababu yenye maana alikuwa Chancelle. Ni msichana wa miaka kumi na tisa, Mkongomani wa Bukavu, aliletwa London na shangazi yake akiwa na miaka minane. Anasoma masomo ya afya na anataka kuwa mkunga. Siku yake ya kwanza nilimsogezea mkebe, akautazama, akacheka.

"Ile ni ya bageni, Papa," aliniambia kwa Kiswahili chao. "Miye siko mugeni. Miye ni wa hapa."

Nilimpenda tangu siku hiyo. Kila saa sita akitoka darasani alipita mezani kwangu akiita "Papa Telesphor!" kwa sauti ya kuamsha wafu, na mimi nilijifanya kukasirika ili kesho aite tena.

Mwezi wa kumi alishuka siku moja bila kuita. Wenzake walikuwa wakijaza fomu za chuo kikuu, na fomu ilikuwa imemuuliza anaishi nchi hii kwa kibali gani. Alipompigia shangazi, shangazi akaanza kulia. Kumbe hakuna aliyewahi kumwombea kibali. Miaka yote hiyo mtoto anachanjwa, anaimba kwaya ya shule, anapewa vyeti vya mahudhurio, na hana karatasi hata moja inayomruhusu kukaa. Alisimama mbele yangu, akanyoosha mkono, akachukua buni moja mwenyewe.

"Kumbe niko mugeni, Papa," alisema, akaitafuna. Niliona uchungu wake ukimpanda usoni. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Dada Peris hakupoteza muda kukasirika. Yeye ni Mkenya wa Nyeri, na Kiswahili chake ni kifupi kama amri ya kituo cha polisi. Alimtafuta mwanasheria, Bi Damyanti, Mhindi mzaliwa wa Mombasa mwenye ofisi Wembley juu ya duka la sari. Bi Damyanti akaeleza kwamba kijana aliyeishi hapa nusu ya maisha yake anaweza kuomba kibali, lakini lazima athibitishe mwaka mmoja baada ya mwingine. Wakaanza kukusanya barua za shule, kadi za kliniki na cheti cha kipaimara. Mwaka mmoja tu ndio uliowasumbua, ule ambao shangazi alihama nyumba mara tatu na shule yenyewe imeshafungwa.

"Ombi likishatumwa, atakuwa na namba," Bi Damyanti alituambia. "Atakuwa mtu anayengoja jibu. Kabla ya hapo hana kitu cha kuonyesha. Wakimkuta leo, wanaweza kuondoka naye leo."

Ndipo Peris akatukusanya walinzi wote kutufundisha. Watu wa Uhamiaji wakija, alisema, kwanza waulizwe karatasi. Pili, jina la mwanafunzi yeyote lisithibitishwe. Tatu, apigiwe simu yeye. Nne, wabaki nje.

"Nje wapi?" niliuliza. "Na mvua ikinyesha?"

"Wanyeshewe."

"Dada, hata mbwa—"

"Mzee, nisikize. Wakikuja bila warrant, hati ya korti, hawawezi kuingia isipokuwa mtu wa mlango awaambie waingie. Na mtu wa mlango ni nani? Ni wewe. Hiyo karibu yako ndiyo warrant yao. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nikatia sahihi kwenye fomu kwamba nimeelewa. Kutia sahihi hakuna kazi.

Barua ya ule mwaka uliokosekana ilipatikana Februari. Ikapangwa kwamba Jumanne asubuhi Peris aende Wembley kupitia makaratasi na Bi Damyanti, kisha saa saba waje nayo Edmonton, Chancelle asome, akubali, ombi litumwe hapa hapa. Yeye mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa na mtihani wa majaribio ghorofa ya pili. Mtihani unaisha saa sita kamili.

Jumanne hiyo mvua ilinyesha kwa chuki. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini nilipowaona watu wawili chini ya kile kibati chetu cha mlangoni ambacho hakimkingi hata paka. Walikuwa mama wa makamo na kijana mrefu, makoti ya mvua yamefungwa hadi kidevuni. Maji yalikuwa yakimchuruzika yule mama kwenye nyusi. Wala hawakubisha hodi. Walisimama tu, wakinitazama kupitia kioo kwa heshima.

Sikufikiri. Nilibonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Nikasema ingieni, ingieni, mtapata homa. Kompyuta inapotoa beji inataka jina la mwenyeji, yaani mtu aliyetembelewa, na kwa kuwa nilikuwa sijawauliza wamekuja kwa nani, nikaandika langu. Nikawavusha geti la ndani, kwa sababu viti vya nje vinapigwa na upepo, nikawakalisha chini ya ngazi palipo na joto. Nikawasogezea mkebe. Yule kijana akatikisa kichwa. Mama akachukua moja, akashukuru, akaitia mdomoni.

Kisha akafungua koti, nikaona sare.

Alinionyesha kitambulisho chake kwa upole, akanishukuru kwa kuwaruhusu kuingia. Kijana akatoa daftari, akatazama saa, akaandika. Mama akasema wanamtafuta mtu mmoja tu, hawataki kusumbua masomo ya wengine. Akataja jina. Alilitamka vizuri kabisa, Chancelle, na jina la baba yake likafuata.

Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Nikawaambia siwezi kusema nani yupo na nani hayupo, ngoja nipige simu. Nikarudi mezani nikampigia Peris, hatua sita kutoka walipokaa, nikazungumza Kiswahili.

"Dada Peris, nimekosea. Wageni wako ndani."

"Wageni gani?"

"Wale uliosema wanyeshewe."

Nyuma yake nilisikia magari. Yeye na Bi Damyanti walikuwa wameshaingia barabara ya North Circular.

"Uliwafungulia mlango?"

"Nimewafungulia. Nimewapa beji. Na mmoja nimempa kahawa."

"Yesu wangu." Akavuta pumzi. "Wako na warrant?"

Nikageuka nikawauliza kwa Kiingereza kama wana hati yoyote ya kuingia. Yule mama akasema hapana, leo wameingia kwa ridhaa yetu. Nikamweleza Peris.

"Chancelle yuko wapi?"

"Kwenye mtihani. Simu zao zimefungiwa kwenye sanduku. Wanatoka saa sita, na wote wanashukia ngazi hii hii. Walipokaa wale ndipo atakapopita."

"Na atakuita jina lako kama kawaida yake, na wewe utajibu." Sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililonitisha zaidi. "Sasa nisikize, mzee. Nakupa Damyanti hapa."

Bi Damyanti akachukua simu. "Mzee wangu, pumua kwanza. Ruhusa iliyotolewa yaweza kuondolewa. Waambie wazi, kwa heshima, kwamba waondoke. Si lazima utoe sababu."

Peris akanyakua simu yake. "Kwenye hizo beji, host ni nani?"

"Mimi."

"Basi mwenyeji ni wewe. Aliyewakaribisha ndiye atawatoa. Sisi tuko mbali, hata Neasden hatujafika." Akakata.

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Nataka nieleze jambo, si kwa kujitetea. Baba yangu alikuwa na kesi ya shamba na jirani yetu kwa miaka minne. Jioni moja mvua ilimkuta jirani yule mbele ya nyumba yetu, baba akamwita ndani, akampa kahawa, wakaongea habari za migomba mpaka mvua ikakatika. Asubuhi wakakutana mahakamani wakaendelea kutukanana. Nilipomuuliza, baba alisema kesi ni ya mahakamani, mvua ni ya wote. Nina miaka sitini na mbili na sijawahi kumwambia mgeni aondoke. Hata yule shemeji yangu aliyekuja wiki moja akakaa miezi saba sikumwambia. Kuna watu wanaogopa urefu, wengine wanaogopa nyoka. Mimi naogopa hilo.

Nilisimama mbele ya wale wawili. Mama alikuwa bado anatafuna. Angenitukana ningefurahi, ningepata pa kuanzia. Badala yake akaniuliza kama nimempata meneja wangu.

"Nimempata," nilisema. "Madam, nilikosea kuwafungulia. Naomba mwondoke."

Kijana akainua macho kutoka kwenye daftari. Mama akasema anaelewa ni jambo geni kwangu, na hawatachukua muda; wangekaa tu pale pale kimya, hawatapanda juu. Akasema hata hawatauliza tena swali. Alikuwa mtu mzima anayefanya kazi yake, na viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi vinalia. Kila neno lake lilikuwa la haki kwa mtu aliyekwisha kukaribishwa.

"Hapana," nilisema.

"Unaondoa ruhusa uliyotupa?"

"Naiondoa."

"Unaweza kuniambia kwa nini?"

Bi Damyanti alisema si lazima nitoe sababu, lakini mimi siwezi kumfukuza mtu bila sababu, sikulelewa hivyo. Nikamwambia kwamba nilitoa kisichokuwa changu. Nyumba si yangu, ina wenyewe wako juu wanaandika mtihani, na mimi ni mlango tu. Mlango hauna haki ya kuwakaribisha watu kwa niaba ya walio ndani.

Nyuma ya yule mama mshale wa saa ulikuwa umebakiza dakika sita.

"Tutarudi na hati," alisema.

"Mkirudi na hati mtaingia, na sitawazuia. Beji zangu, tafadhali."

Kijana alivua yake akaiweka mezani bila kunitazama. Mama alivua yake taratibu, kamba ikamnasa nywele zilizolowa, nikajikuta naunyoosha mkono kumsaidia, nikaurudisha. Niliwafungulia geti la ndani, kisha mlango. Mvua iliingia hadi kwenye zulia. Aliuliza kama wanaweza kungoja pale chini ya kibati hadi ipungue.

Kibati ni cha chuo. Kupitia kioo kile ngazi yote inaonekana.

"Hapana, madam," nilisema, na sauti yangu ilitoka ikiwa nyembamba, nikaona aibu kama mtoto. "Hata hapo hapana."

Walipokanyaga nje nilishindwa. Nikakimbia mezani, nikachukua mwavuli wangu, nikawafuata, nikampa yule mama mkononi. Hakusema kitu. Wakavuka barabara kuelekea gari lao jeupe, kijana kichwa wazi, mama chini ya mwavuli wangu wa bluu. Nikafunga mlango, nikateremsha pazia la kioo ambalo halijateremshwa tangu enzi za corona.

Saa sita kamili mlango wa juu uligonga, ngazi zikajaa miguu.

"Papa Telesphor!"

Sikujifanya kukasirika. Nilimshika kiwiko nikamwingiza chumba cha nyuma ya mapokezi, ofisi ya Peris, nikamweleza yote: nani amekuja, nani amemwingiza, na kwamba wako ng'ambo ya barabara. Sikuficha kwamba ni mimi. Alikaa kwenye kiti cha Peris, akaunganisha magoti, akauliza kwa Kiingereza kama walijua sura yake. Nikasema jina walilijua. Akauliza kama nina hasira naye.

"Mimi? Nikukasirikie wewe? Mwanangu, ni mimi niliyekuponza!"

"Lakini balitoka," alisema polepole. "Ulibatosha." Kwao kutosha ni kutoa.

Nikampa chai yangu ya chupa. Akamimina haraka, chai nusu ikaishia mezani.

Peris na Bi Damyanti walifika saa saba kasoro kidogo kupitia lango la nyuma la jikoni. Peris alinipita bila salamu, kisha akarudi, akanigusa bega, akaenda tena. Wakafunga mlango. Mimi nilirudi mezani kwangu kulitazama gari jeupe kupitia ukingo wa pazia, na kila dakika kumi nilienda kusikiliza mlangoni kama mume aliyepeleka mke hospitali. Nilimsikia Bi Damyanti akisoma kila mwaka kwa sauti, shule, anwani, shule, na Chancelle akiitikia. Mwaka ule mgumu ulipofika barua ikasomwa mara mbili. Mtandao ukakwama, Peris akautukana Kikikuyu. Saa nane na dakika tano nikasikia kelele, kisha mtu analia, na sikuweza kujua ni nani kati yao watatu. Baadaye niliambiwa ni Peris.

Ombi lilikuwa limekwenda. Namba ilikuwa imerudi.

Sikupata nafasi ya kufurahi, kwa sababu kioo kiligongwa. Nikainua pazia. Alikuwa yule mama, peke yake, mwavuli wangu umekunjwa mkononi. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu.

Nilifungua mlango upana wa mwili wangu nikasimama katikati. Alinirudishia mwavuli. Nikasema asante. Basi tukasimama, yeye nje mimi ndani, manyunyu yakimdondokea begani, na neno lile likawa limenijaa mdomoni, neno moja tu nililolisema maisha yangu yote bila kulifikiria. Nililimeza. Lilikuwa chungu kuliko kahawa yangu.

Bi Damyanti akapita kando yangu na karatasi yenye namba, akatoka akafunga mlango nyuma yake. Waliongea pale chini ya kibati dakika chache. Mama yule aliisoma karatasi, akanakili namba, akampigia mtu simu, akaitikia kwa kichwa. Alipogeuka kuondoka alinitazama kupitia kioo akasema kitu. Bi Damyanti alinieleza alipoingia: eti kahawa ilikuwa chungu sana, lakini ameitafuna yote. Gari jeupe likaondoka.

"Sasa je?" nilimuuliza Bi Damyanti.

"Sasa tungoje. Miezi, pengine mwaka. Yaweza kuja ndiyo, yaweza kuja siyo. Lakini leo haendi popote na mtu." Akajifuta miwani kwa ncha ya skafu. "Umetutia jasho, mzee wangu."

Wiki iliyofuata mkuu wa chuo aliniandikia barua ya onyo, na niliipokea kwa mikono miwili kwa sababu niliistahili. Sasa mtu akisimama mlangoni namuuliza kwanza ni nani na amefuata nini, naye anajibu akiwa nje, hata kukiwa na mvua. Baba angeniona angenionea haya. Naona haya mwenyewe, kila siku, na kila siku nauliza.

Lakini Jumanne ile, barua ya onyo ilikuwa haijaandikwa. Saa tisa walitoka wote watatu chumba cha nyuma, macho mekundu, njaa imewashika, Peris akisema wanaenda kula na yeye ndiye analipa, mtu asimuulize. Kwa mazoea mkono wangu ukaenda kwenye mkebe, nikaufungua, nikausogeza. Bi Damyanti akachukua mbili. Peris, ambaye kwa miaka yote ameiita kahawa yangu mbolea, akachukua moja. Kisha mkebe ukafika mbele ya Chancelle, na hapo nikakumbuka ile siku ya mwezi wa kumi, nikatamani kuurudisha nyuma.

Aliutazama. Akautazama sana.

"Ile ni ya bageni, Papa," alisema, akausukuma kwa kidole mpaka ukanirudia.

Akatoa kadi yake ya mwanafunzi, akaigusisha, geti likafunguka. Nikaufunga mkebe.